Waliofeli kwa Bidii

Kulikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, ingawa wanaoishi humo wanashauriwa wasiitaje kabla ya kuhakiki kama ni "country," "state" au "nation." Kila neno lina dirisha lake na karani wake, na karani wa dirisha hili hasalimiani na karani wa dirisha lile.

Mambo yalianza pale Mtukufu Rais alipokwenda ng'ambo kuhutubia. Alisimama mbele ya wenyeji wake, akajipiga kifua, akasema yeye ni rais "historical." Alitaka kusema "historic," yaani wa kukumbukwa vizazi na vizazi, lakini neno lililomtoka ni la vitu vilivyokwisha pita, vya kupanguswa vumbi makumbusho. Wenyeji wakatabasamu kwa adabu. Tabasamu lile lilimkwama Mtukufu kama mwiba wa perege kooni. Alirudi nyumbani na homa, na kabla homa haijashuka akatia saini Sheria ya Neno Mahususi: hakuna ofisi ya serikali itakayopokea shida ya mwananchi mpaka mwananchi aitaje kwa neno la Kiingereza lililo sahihi kabisa, likiwa limetenganishwa na ndugu zake wote wanaofanana nalo.

Wananchi walifurahi, kwa kuwa sheria ilisema wafurahi. Soko la wilaya liliteketea mwezi uleule kwa sababu aliyewapigia simu zimamoto alishindwa kueleza kama ni "fire," "flame" au "blaze." Zimamoto wakapewa cheti cha kutokurupuka.

Siwema, mkaanga mihogo wa mtaa wa Mabatini, aliyasikia haya kama mtu anavyosikia mvua ya mtaa wa pili. Alikuwa na mwana wa miezi minane mgongoni, Nunu, na mume, Chande, fundi baiskeli, mtu wa kucheka hata kwa mambo yasiyochekesha. Kiingereza angekipeleka wapi?

Kilimfuata mwenyewe. Jumanne moja Mkuu wa Wilaya alikuja kuzindua bomba la maji. Akakata utepe, akafungua koki, bomba likakohoa, likatoa mjusi. Umati ukapiga makofi. Chande naye alipiga makofi, tena kwa nguvu, lakini yalipotulia akauliza, "Mheshimiwa, na maji?"

Jumatano asubuhi Siwema alimpelekea uji kwenye kijiwe chake. Alikuta tairi la mteja limejazwa upepo nusu, na pampu imelala chini. Majirani walimwambia habari ya gari jeupe lisilo na namba, na wanaume wanne wenye miwani ya jua, ingawa jua lilikuwa halijachomoza vizuri. Walisema hayo huku wakitazama miguu yao.

Siwema alienda kituoni mbio, Nunu akirukaruka mgongoni.

"Mume wangu haonekani," alimwambia karani, mwanamume mwenye kucha safi aliyekuwa akinoa penseli.

"Pole sana, mama," karani alisema, na kwa kweli sauti yake ilikuwa ya pole. "Ni 'lost' au ni 'missing'?"

"Ni Chande."

"Sijakuuliza jina. Nakuuliza hali. 'Lost' dirisha la tatu, 'missing' dirisha la saba. Nikikuandika pasipo pako nitakuwa nimekudhulumu."

"Kwani si yote ni kupotea, bwana afisa?"

Karani akaweka penseli chini. Alimtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa. "Kupotea! Mama, ndiyo maana hatuendelei. Kuna darasa la jioni, la Wizara, halina ada. Jifunze, fanya mtihani, leta cheti, nitakuandikia kwa mkono wangu. Nakuonea huruma, una mtoto mchanga."

Basi Siwema akaingia shule.

Darasa lilikuwa kwenye jengo la zamani la idara ya maji, ambayo haikulihitaji tena. Wanafunzi walikuwa wanawake arobaini na watatu, wake na mama, kila mmoja ana mtu aliyepakiwa kwenye gari jeupe. Hakuna aliyeliuliza hilo. Waliulizana tu, "Wako ana miezi mingapi?" kama wanavyoulizana kliniki.

Mwalimu, Madamu Eugenia, alikuwa na sauti laini na chaki kavu. "Someni baada yangu," alisema. "Mke mwema 'sees' gari likisimama. Anaweza 'look' mara moja, kwa bahati mbaya. Lakini haruhusiwi 'watch,' maana 'watch' ni kutazama kwa makusudi, na kuna kifungu chake."

"Sees, look, watch," darasa likaitikia.

"Mtu wetu ha'kill.' Mtu wetu ha'murder.' Watu huwa wana'pass.' Nani ataniambia kwa nini?"

Siwema akanyanyua mkono. Alikuwa hodari. Kila jioni alimlaza Nunu kwenye kanga chini ya dawati, akaandika mpaka kidole kikaota sugu, na mchana, mihogo ikichemka kwenye mafuta, alisoma kamusi iliyokatika jalada mpaka wateja wakamwita Profesa. Kichwani mwake hesabu ilikuwa nyepesi: maneno, mtihani, cheti, dirisha, Chande.

Kilichomuudhi kilikuwa kimoja tu. Pembeni yake aliketi Bi Sijali, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyechukuliwa mwanawe Mbaraka, na ambaye alikuwa amefeli mtihani huo mara tisa. Tisa! Kila Siwema aliponyanyua mkono, Bi Sijali alimfinya gotini.

"Bibi, unaniumiza."

"Mikono yenyewe haitulii, mwanangu. Uzee."

"Si ungeitumia kuandika? Mimi nitakufundisha, bibi. Tukifaulu wote, tutaenda dirishani pamoja."

Bi Sijali alimtazama Siwema, kisha akamtazama Madamu Eugenia, ambaye jioni alifundisha na asubuhi aliandika ripoti. Akameza alichotaka kusema, akamfinya tena.

Mtihani ulifanyika kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi, kwenye ghala la pamba. Wizara ilikuwa na shida ya vielelezo: huwezi kumtahini mtu tofauti ya "tired" na "exhausted" bila kitu cha kumwonyesha, na picha zilizoagizwa zilikuwa zimeliwa na mchwa bandarini. Mkurugenzi mmoja mwenye akili nyingi akakumbuka kwamba serikali ina watu wengi imewaweka tu, wamekaa, hawana kazi. Vikaletwa viti ishirini vyenye namba. Kila Jumamosi ya mtihani vilikaliwa. Mkurugenzi alipewa nishani ya ubunifu.

Siwema hakujua. Aliyewahi kuingia humo alikatazwa kusema, na aliyesema, kielelezo chake kiliondolewa "kwa matengenezo." Hakuna kilichowahi kurudi kutoka matengenezo.

Walikuwa wakiingia mmoja mmoja. Bi Sijali alitoka akiwa na uso wa mtu aliyetoka kula pilau ya harusi.

"Vipi, bibi, umefaulu?"

"Nimefeli vizuri sana," Bi Sijali alisema. Akataka kuongeza neno, lakini askari alikuwa amekwisha mshika Siwema kiwiko.

Ndani kulikuwa na kamba, nyuma ya kamba viti, na kwenye viti wanaume. Mtahini Mkuu, aliyevaa tai ya kipepeo, alisoma masharti: kielelezo hakisemi, mtahiniwa hasemi ila jibu. Kisha akaanza kumtembeza. Namba moja: "pale" au "white"? Namba nne, kijana mwenye macho yaliyozama, mwenye pua ya Bi Sijali kabisa: "tired" au "exhausted"? Siwema alijibu. Alianza kuelewa. Alipofika namba kumi na tano hakutazama tena vilivyokuwa mbele yake, alikuwa anatazama mbele zaidi.

Namba kumi na saba alikuwa Chande.

Alikuwa na namba kifuani na mikono juu ya magoti. Shati lilikuwa lake, lilelile la Jumatano, ila aliyekuwa ndani yake alikuwa nusu. Macho yake yalimwendea Siwema, kisha yakashuka ubavuni mwake, kwenye mguu mdogo wa Nunu uliokuwa umechomoza kwenye mbeleko, na hapo yakaganda.

"Kielelezo namba kumi na saba," Mtahini akasema. "'Slim,' 'thin,' au 'skinny'? Una nusu dakika."

Siwema alitaka kupiga ukelele ambao hauna Kiingereza. Lakini hesabu ilikuwa ileile: cheti, dirisha, Chande. Akipiga ukelele ataupoteza muhula, pengine atampoteza mtu. Kaza moyo, akajiambia. Ukaze hapa tu.

"Thin," alisema.

Chande akatikisa kichwa. Kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

Moyo wa Siwema ukaruka. Amekosea! Na Chande, hata hapa, hata hivi, anamsaidia, kama alivyokuwa akimsaidia kupiga hesabu za mafuta. Akachimba kichwani, kwenye kamusi isiyo na jalada, ukurasa hadi ukurasa.

"Skinny?"

Chande akatikisa kichwa zaidi. Macho yalikuwa yanambembeleza.

"Sekunde kumi," Mtahini akasema.

Ndipo Siwema akalipata. Neno la mtu aliyekondeshwa mpaka ngozi ikashikamana na mfupa, neno ambalo hata Madamu Eugenia hakulifundisha. Akalitoa kwa sauti safi, kama anayelipa deni la mapenzi.

"Emaciated."

Chande akafumba macho.

Mtahini Mkuu alisimama. Aliipanga tai yake, akapiga makofi, peke yake, katika ghala lote. "Miaka yangu yote," alisema, na machozi yakamlengalenga, "sijawahi kusikia usahihi wa namna hii."

Siwema alifaulu kwa alama za juu, yeye peke yake katika darasa zima. Waziri alikuja mwenyewe kumkabidhi cheti, pamoja na redio.

"Wananchi!" Waziri akanguruma. "Wanawake hawa jana walikuwa wanalia tu, kienyeji, bila mpangilio. Leo tunaye mmoja anayeweza kutofautisha 'cry,' 'weep' na 'sob'! Waulizeni maadui zetu: wao wana wangapi?"

Makofi yalidumu mpaka Waziri alipochoka kuyasikia.

Jumatatu alfajiri Siwema alikuwa wa kwanza dirishani, cheti kimefungwa kwenye kitambaa, Nunu kavalishwa gauni la Idi. Karani alimfurahia kwa dhati. Alitoa fomu mpya, akaipuliza vumbi.

"Sasa tunaongea kama watu. Sema, mama."

"My husband is missing," alisema Siwema, kila herufi mahali pake.

"Safi! Dirisha la saba, na leo la saba ni mimi. Alionekana mara ya mwisho lini?"

Siwema akajibu kwa furaha, kwa kuwa jibu alikuwa nalo. "Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi. Ghala la pamba, kiti namba kumi na saba."

Kalamu ikasimama.

"Aa," karani akasema. "Basi hongera. Amepatikana."

"Amepatikana vipi? Hayupo nyumbani!"

"'Missing' ni mtu asiyejulikana alipo. Wewe umenitajia mpaka namba ya kiti."

"Basi mwandike 'lost.'"

"'Lost' ni yeye mwenyewe hajui alipo. Hajui?"

Siwema akayakumbuka yale macho. "Anajua," alisema polepole.

"Umeona?"

"Basi 'arrested,' bwana afisa. 'Detained.' Andika lolote!"

"'Arrested' ina karatasi, hapa hamna karatasi. 'Detained' ina siku ya kuisha. Huyu, kwa haki kabisa, ni 'kept.' Amewekwa. Kama nguo kabatini, mama. Umewahi kumsikia mtu akishtaki kabati?" Akapiga mhuri, SHIDA IMEISHA, kisha akamshika Nunu kidevu. "Katoto kazuri. Anafanana na baba?"

Siwema alirudi darasani jioni ileile, aketi, asubiri mtihani mwingine, amwone tena walau mara moja. Askari wa mlangoni alimzuia kwa heshima zote: aliyefaulu haruhusiwi kurudia, ni kupoteza chaki ya umma.

Bi Sijali alitoka akamkuta ameketi kwenye ngazi.

"Nani alikutuma ufaulu, wewe mtoto?" Bi Sijali alimwambia kwa ukali, akiangaza huku na huku. "Nani? Unajua nimemwona Mbaraka mara ngapi? Kumi! Wananiuliza 'tired' au 'exhausted,' najibu 'mango.' Nikimwona anacheka, siku tatu sili, nimeshiba."

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Ningekuambia mbele ya Madamu, Mbaraka wangu aende matengenezo? Nimekufinya miezi mitatu mpaka kucha zikauma! Wewe ukaona bibi kizee ana wivu."

"Alitikisa kichwa," Siwema akasema. "Mimi nikadhani ananisaidia."

"Alikuwa anakusaidia," Bi Sijali alisema. Ukali ukamwishia hapohapo. Akamchukua Nunu, akampakata.

Lakini Wizara haikumsahau mtu wake. Ilikaa kikao siku nne, ikagundua kwamba kama katika miaka miwili na nusu amefaulu mmoja tu, basi mwalimu ni mbovu na huyo mmoja ni lulu. Madamu Eugenia akastaafishwa. Siwema akaletewa barua ya kuteuliwa kuwa mwalimu. Barua iliongeza, kwa wino mwekundu, kwamba mwalimu haruhusiwi kukanyaga ghala la mtihani, asije akavujisha.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaenda kununua chaki.

Siku ya kwanza alifunga mlango, akawatazama wanawake arobaini na wawili. Nunu alikuwa ameshika mguu wa meza, anasimama, anaanguka, anasimama.

"Somo la leo," alisema mwalimu Siwema. "Tofauti ya 'slim,' 'thin' na 'skinny.' Mkimwona mtu kwenye kiti namba kumi na saba, jibu sahihi ni 'walking.' Semeni."

Bi Sijali ndiye aliyeelewa kwanza, akamtazama yule mtoto pale chini, akacheka mpaka akakohoa.

"Walking!" akapaza sauti.

"Walking!" wakaitikia wote.

"Namba nne?"

"Mango!"

"Namba tisa, yule wa Mama Rukia?"

"Dada'ko kaolewa!" Mama Rukia akadakia.

"Kwa Kiingereza, mama."

"Wedding!"

Mkaguzi wa Wizara alipita wiki ya sita. Kiingereza chake kilikuwa cha kutia saini tu. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaandika: Bora sana.

Wote walifeli. Walifeli kwa bidii, kwa nidhamu, hakuna aliyeteleza akapatia. Wizara haikukasirika hata kidogo. Iliwaandikia wafadhili kwamba tatizo ni kubwa kuliko lilivyodhaniwa.

Na Jumamosi ile Siwema aliwasubiri kwenye ngazi, wakamjia wakikimbia kama watoto waliofunga shule.

"Mimi nilikuwa wa kwanza kumwambia Chande, hakuelewa," alisema Mama Rukia. "Akanikodolea tu."

"Mimi nikamwambia, akakunja uso," akasema mwingine.

"Mimi ndiyo akaelewa," Bi Sijali alisema. "Alichukua vidole viwili, hivi, akaviweka juu ya goti. Akavitembeza. Taratibu, mpaka mwisho wa goti, vikaanguka, akavisimamisha tena."

Siwema alimwambia avionyeshe tena vile vidole. Akavionyesha. Akamwambia tena.

Muhula wa pili jibu la namba kumi na saba lilikuwa "teeth," maana Nunu alikuwa na meno sita. Walimletea habari kwamba Chande alicheka, na kwamba yake yamepungua. Alitaka kujua mangapi. Wakatazamana, wakamwambia hawakuhesabu.

Muhula wa tatu Nunu alianza kusema. Si mengi: maji, mama, toka, na jina moja alilofundishwa kila asubuhi mbele ya pampu ya baiskeli. Siwema aliliandika jibu ubaoni wiki kumi mfululizo, "talking," akalifuta na kuliandika upya, akawasikiliza mmoja mmoja walitamke vizuri, lisije likamfikia limevunjika.

Jumamosi ilipofika, alikaa kwenye ngazi tangu asubuhi. Mwanamke wa kwanza alitoka, akapita bila kumtazama. Wa pili naye. Mama Rukia alisimama, akafunga kanga upya, akaenda zake. Siwema aliwatazama wakipita mpaka akaacha kuwaita.

Bi Sijali alitoka wa mwisho. Alikaa kwenye ngazi chini yake, si pembeni, akampa mgongo.

"Leo walibadilisha swali," alisema.

"La namba ngapi?"

"Kumi na saba." Alikuwa akilikunja pindo la kanga, akilikunjua. "Walituuliza kiti. Kama ni 'empty' au 'vacant.'"

Siwema alikuwa mwanafunzi bora wa nchi nzima. Hakuhitaji kamusi. Cha kwanza ni kiti kisicho na mtu. Cha pili ni kiti kinachongoja mwingine.

"Mkajibu nini?" alisema.

"Ulichotufundisha."

"Mlikiambia kiti?"

"Tulikiambia kiti, mwalimu. Mmoja mmoja, wote arobaini na wawili. Hakuna aliyefaulu."